Gari Jekundu la Mwalimu Getruda

Mwalimu Getruda Qamara alipostaafu ualimu mkuu, watu wa Mogitu walikuwa wameshayapangia mafao yake kazi kabla hata hajakabidhi funguo za ofisi. Hakuna aliyemwuliza. Kila mmoja aliyapanga kimya kimya, kwa nia njema kabisa. Mwanawe wa kwanza, Ezekiel, aliyekuwa na kibanda cha vifaa vya ujenzi mjini Katesh, aliota duka kubwa lenye milango ya chuma na jina lake juu. Mumewe Agustino, mkulima mpole mwenye miguu mirefu kama ngazi, aliota pawatila ya kulimia, apumzishe ng'ombe wake wa jembe waliokuwa wamezeeka pamoja naye. Ndugu wa ukoo kule Mbulu juu, alikozaliwa Mwalimu, waliota bomba la maji likishuka hadi uani kwao. Na Mzee Sulle, mwenyekiti wa kigango na mwenye mashine ya kusaga kando ya lami, aliota bati jipya la kanisa, na ukutani kibao cha shukrani chenye jina. Jina la nani, alikuwa bado anatafakari.

Mwalimu mwenyewe hakusema kitu, na kwa wanaomjua hilo lilikuwa tishio. Alikuwa mwanamke ambaye akinyamaza, darasa zima hujikagua kucha. Sheria ya kwanza ya shule yake, iliyoandikwa kwa rangi kwenye ukuta wa varanda, ilisema HAKUNA KUKIMBIA. Watoto wengi walijifunza kutembea kwa sababu ya ukuta ule, na mpaka leo kuna watu wazima Mogitu, wenye ndevu na wajukuu, ambao wakimwona kwa mbali hupunguza mwendo.

Basi akapanda basi kwenda Dar es Salaam, "kufuatilia mambo yangu," kama alivyomwambia mumewe. Alirudi na mfuko wa korosho na uso usiosomeka. Ezekiel akaja jioni ile ile na mchoro wa duka. Mama akautazama kwa makini, akasahihisha neno moja lililokosewa herufi, akamrudishia.

Siku ya mnada wa Katesh, mambo yake yakafika yenyewe, juu ya fuso, yamefunikwa turubai. Dereva wa fuso alikuwa ameambiwa asithubutu kuliteremsha gari kwa mbao, litachanika tumbo. Sehemu pekee mjini yenye ngazi ya udongo inayolingana na bodi ya lori ilikuwa pale mnadani, panapopakiwa ng'ombe. Kwa hiyo fuso likarudi nyuma taratibu katikati ya vumbi na mafahali, likagota kwenye ile ngazi, turubai likavutwa.

Lilikuwa gari la milango miwili. Jekundu. Refu puani, fupi nyuma, limebana ardhi kama chui anayenyemelea mbuzi. Namba zake zilikuwa mpya, na viti bado vimevalishwa nailoni. Watu walioacha kununua ng'ombe wakaja kuangalia, na ng'ombe wenyewe wakageuza shingo.

Mwalimu Getruda alikuwa amesimama pembeni na sweta lake la kijivu na mkoba wake wa kufundishia. Kila mtu alitafuta kwa macho mwenye gari, kijana mmoja hivi, mwenye miwani ya jua. Hakuna aliyemwangalia yeye mpaka aliponyoosha mkono apewe funguo.

Aliyekuwa wa kwanza kupata sauti ni Gidamis, mfugaji kutoka Dirma, aliyekuwa amepanga foleni na madume yake akingoja ngazi iwe wazi. Alichuchumaa, akachungulia uvunguni, akaingiza fimbo kupima nafasi kati ya tumbo la gari na ardhi.

"Shikamoo, mama. Huyu amelala?"

"Marahaba. Hajalala. Ndiyo kusimama kwake."

"Hivi?"

"Hivyo."

Gidamis akatoa fimbo, akaangalia alama ya kidole chake juu yake, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kitaalamu. "Dirma hafiki huyu."

"Sikai Dirma. Nakaa Mogitu."

"Lami au ndani?"

"Ndani kidogo."

"Ndani kidogo hafiki." Akalizunguka, akainama mbele na kutazama taa kama anayekagua macho ya ndama, akagonga paja la nyuma kwa kiganja. Kisha uso ukamlegea. "Lakini ni mzuri. Mzuri kweli. Mimi ninaye dume mmoja nyumbani, hajawahi kuvuta jembe, habebi mzigo, simuuzi. Kazi yake kupendeza. Wananiuliza sana."

"Unawajibu nini?"

"Nawauliza, kwani majani yake mnanunua ninyi?"

Mwalimu Getruda, ambaye kwa tabia hakuwa mtu wa kucheka na wazazi, alicheka.

Udereva alikuwa nao. Aliujifunza zamani kwenye pikapu ya parokia, akibeba unga na makatekista, gari ambalo ukitaka gea ya tatu ilibidi uiombe. Sasa alikaa, na kiti kikamshika mbavu pande zote kama mtu aliyemkosa siku nyingi. Magoti yake yalikuwa karibu usawa wa makalio. Nje aliona viuno vya watu na kwato. Akawasha.

Sauti ilitokea nyuma, nzito, kama padri mwenye kifua kikubwa anasafisha koo kabla ya mahubiri. Madume ya Gidamis yakarudi hatua. Mwalimu akaachia klachi kama alivyoizoea ile ya pikapu, gari likaruka mbele, likazimika. Mnada mzima ukasema "Oooh." Akawasha tena. Likazimika tena. Mtu akapiga kelele, "Msukumeni mwalimu!" Akamtazama kupitia kioo, na yule mtu, aliyekuwa dalali mashuhuri, akakumbuka ana shughuli kwingine.

Hapo ndipo Marieta alipogonga dirisha. Alikuwa rafiki yake wa kwaya, mjane wa makamo yake, aliyekuwa akikaa Jorodom hadi ule mwaka tope la mlima Hanang liliposhuka na kuichukua nyumba yake na vyote vilivyokuwa ndani, pamoja na cherehani iliyokuwa bado haijamaliza mwaka. Mkononi alikuwa na mfuko wa dagaa. Hakuuliza gari ni la nani, limenunuliwa kwa nini, wala Baba Ezekiel anasemaje.

"Mlango unafunguka wapi?" akauliza.

Getruda akamwonyesha. Marieta akaanza na makalio, kisha kichwa, kisha dagaa. Safari hii klachi ikakubali.

Mji wa Katesh una matuta, na kila tuta lilikuwa mtihani. Alilipanda la kwanza moja kwa moja, tumbo likakwaruza kwa mlio uliomwuma yeye mwenyewe ubavuni. La pili akalipanda kwa upande, gurudumu moja moja, kama mtu anayepita juu ya mkeka wenye watoto waliolala. Bodaboda zilimpita. Bajaji ilimpita. Mzee mmoja anayeswaga punda alimpita, akasalimia kwa heshima. Huo ndio ulikuwa utukufu wa nusu saa ya kwanza.

Kisha matuta yakaisha.

Mbele palikuwa na lami tupu, mashamba ya alizeti huku na huku, na mlima Hanang ubavuni, umevaa wingu lake. Mwalimu akakanyaga mafuta kidogo, kwa adabu. Gari likaitika. Akakanyaga tena, bila adabu. Kiti kikamsukuma mgongoni, koo la nyuma likaacha kukohoa na kuanza kuimba, na vile vijiti vya kilomita ambavyo kwa miaka yote alivihesabu akiwa kwenye basi, akisahihisha madaftari mapajani, vikaanza kupita kama meno ya kitana. Alizeti zikawa rangi tu ya njano. Mkono wake ukabadilisha gea wenyewe, bila kuomba ruhusa, na gea ikaingia tii, kama kijiko kwenye asali.

Hakuwa akienda popote. Hilo ndilo lililomshangaza. Maisha yake yote kila safari ilikuwa na sababu: kikao, mtihani, msiba, zahanati. Hii haikuwa na ajenda. Mwalimu Getruda akafungua mdomo, na mdomoni mwake mkatoka yowe. Halikuwa yowe la hofu. Marieta akamgeukia, akamwona macho yanamwaga machozi ya upepo, akapiga lake, refu zaidi, mfuko wa dagaa ukiwa juu hewani.

Walipita wanafunzi waliokuwa wanatoka shule. Watoto walimtambua, wakasimama wima kandokando, wakaanza kwa pamoja, "Shikamo—" na herufi ya mwisho ikabaki nyuma kabisa, Katesh.

Gidamis alikuwa amesema kweli. Kutoka lami ya Mogitu hadi kwa Mwalimu kuna njia ya udongo, na katikati ya njia kuna korongo ambalo trekta hulipita likiwa limefumba macho. Gari jekundu lilifika pale kona, likatazama, likageuka. Ikabidi liombewe malazi kwenye banda la mashine ya Mzee Sulle.

Mzee Sulle alilikubali kwa uso wa mtu anayepokea mgonjwa wa kuambukiza. Lakini wiki haikuisha akagundua kwamba watu wanaokuja kulishangaa huja na debe la mahindi ili wasionekane wamekuja kushangaa. Mashine yake haikuwahi kusaga vile. Vumbi la unga lilitua juu ya gari siku nzima, na asubuhi wenye kuamka mapema walimkuta mwalimu mstaafu, na buti zake za mpira, ametembea kutoka nyumbani, analifuta kwa kitambaa hadi wekundu urudi. Kisha anavua buti, anavaa viatu vya ngozi, anaendesha kwenda na kurudi, anavaa buti, anatembea nyumbani. Watu walisema tangu anunue gari, anatembea kwa miguu kuliko asiye na gari. Ilikuwa kweli, na yeye hakuona tatizo liko wapi.

Agustino alipokea habari kwa utulivu.

"Baba Ezekiel, nimenunua gari."

"Nimesikia. Wanaingia wangapi?"

"Mimi na mwingine mmoja."

"Mwingine mmoja ni nani?"

"Inategemea siku."

Agustino akafikiri. "Na mbolea?"

"Haingii."

Siku yake ilipofika alijaribu, kwa uaminifu. Aliingiza mguu mmoja, akakunja, akaingiza wa pili, akakunja, mpaka magoti yakawa jirani na masikio. "Nimeingia," akasema kwa sauti ya mbali. "Sasa nieleze kutoka." Walimtoa wateja wawili wa mashine, kama wanaong'oa mhogo. Hakukasirika. Alisema ni gari zuri kwa watu wafupi, akarudi kwa ng'ombe wake.

Wengine hawakuwa wepesi hivyo. Walitaka sababu. Ezekiel alipiga simu akauliza kama mama amepima presha. Shemeji kutoka Mbulu alisema kuna watu wa Dar huwapaka wastaafu dawa mkononi, akili zikahama. Walimu wenzake walisema kuna kijana. Walimtafuta kijana, hawakumpata, wakasema yuko Arusha. Kila aliyemjia alikuja na upole wa mtu anayeongea na mfiwa, akauliza, "Mwalimu, kwani ilikuwaje?" Na Mwalimu, aliyewafundisha wote hao kujibu kwa sentensi kamili, alijibu kwa neno moja.

"Nimelipenda."

Jibu hilo liliwaumiza kuliko tusi. Mtu akipotea, unamrudisha. Mtu akilogwa, unamwombea. Sasa mtu akipenda?

Mzee Sulle alilichukua suala hilo hadi kwenye matangazo ya kigango. Hakutaja jina. Alisema tu, akitazama juu kwenye bati lenye matundu, kwamba kuna watu Mungu amewajalia, nao wakaamua kumrudishia Mungu moshi. Waumini wakageuka wote kwa pamoja kutazama benchi la kwaya. Mwalimu Getruda alikuwa anatafuta ukurasa wa wimbo. Marieta, pembeni yake, alisikika akikohoa kikohozi kilichofanana sana na kicheko.

Mwezi ukapita, kisha mwingine. Alizeti zikainamisha vichwa, zikavunwa, na msimu wa harusi ukaanza.

Mzee Sulle alikuja kwa miguu, hadi nyumbani, akavuka korongo, na kilo mbili za sukari kwenye mfuko. Akakaribishwa chai. Akaongea kuhusu mvua. Akaongea kuhusu viwavi. Akasifu kuku. Agustino, aliyejua ugeni wa namna hiyo unaelekea wapi, akaaga kwenda kuangalia ng'ombe ambao walikuwa wamefungwa pale pale mbele yao.

"Mwalimu," Mzee Sulle akasema mwishowe, "lile gari bado linawaka?"

"Linakaa bandani kwako, mzee."

"Ndiyo, ndiyo. Nilikuwa nauliza tu kwa ujumla." Akakoroga chai iliyokwisha. "Unajua binti yangu Tekla anaolewa."

"Najua. Nimefurahi sana."

"Sasa nasikia Babati siku hizi harusi zote ni magari mafupi. Vijana wanapenda. Mimi binafsi, unajua msimamo wangu. Lakini mama yake ndiye anasumbua."

Mama yake Tekla alikuwa amemwambia Mwalimu, siku iliyotangulia, kwamba baba yake ndiye anasumbua.

"Nitalileta," akasema Getruda. "Kwa sharti moja. Anayeliendesha ni mimi."

Mzee Sulle alikubali upesi sana, kwa kuogopa masharti mengine, na kwa upesi huo hakuhesabu viti. Kamati ya harusi, yenye mwenyekiti, makamu, mhazini na mtu wa itifaki, ilikaa vikao vingi ikajadili rangi ya utepe wa kufunga gari. Nayo haikuhesabu viti.

Viti vilihesabiwa Jumamosi ya harusi, asubuhi, mbele ya nyumba ya Mzee Sulle, wakati bibi harusi alipokuwa ameshaingia na gauni lake limejaa hadi dirishani kama povu la sabuni, na matroni akawa anazunguka gari akitafuta mlango wa nyuma.

"Mlango wa nyuma uko wapi?"

"Hakuna," akasema Mwalimu.

"Sasa mimi nakaa wapi?"

Mtu wa itifaki akafungua buti. Mlikuwa na nafasi ya mkoba na buti za mpira. Kamati ikaitana pembeni, ikakaa kikao cha dharura wima, na kuamua kwamba matroni atafuata kwa Noah. Makamu mwenyekiti, mwanamke mwenye akili, akauliza: wakitoka kanisani, bwana harusi naye atakaa wapi? Mwenyekiti akasema hilo litaangaliwa baadaye. Bwana harusi, fundi wa kuchomelea kutoka Dongobesh, alikuwa ameshatangulia kanisani na ndugu zake, hajui chochote.

Kanisa la parokia liko kando ya lami hiyo hiyo, upande wa kuelekea Katesh. Mzee Sulle na kamati wakatangulia kupokea wageni, kisha Noah iliyojaa mashangazi ikaondoka, ikipiga honi. Gari jekundu likafuata, na kwa sababu liliumbwa hivyo, likaipita.

Tekla alikuwa amekaa wima, mikono juu ya maua. Mwalimu alimkumbuka vizuri. Alikuwa mtoto wa kuandika majina ya wanaopiga kelele, mtoto wa kuchota maji bila kutumwa, aliyemaliza shule bila kuvunja hata kikombe. Akamaliza sekondari vivyo hivyo, akakaa kwenye mashine ya baba yake akipima unga, akachumbiwa na mtu mwema aliyeletwa na watu wema.

"Unaogopa?" Mwalimu akauliza.

"Hapana, Mwalimu." Vijiti vya kilomita vikapita viwili vitatu. "Mwalimu?"

"Naam."

"Huu ndio mwisho wake?"

"Mwisho wa nini?"

"Wa mwendo."

Mwalimu Getruda akatazama kisahani cha mwendo. Akatazama barabara. Ilikuwa tupu, nyeusi, imenyooka. "Hapana," akasema. "Bado kuna mwingine."

"Hebu kanyaga kidogo."

Akakanyaga. Tekla akashusha kioo. Upepo ukaingia kama mgeni aliyelewa, ukalishika shela, ukalivuta, likapepea nje ya dirisha, jeupe na refu, kisha likakatika na kuondoka zake juu ya mashamba. Tekla akaligeukia, akaliona likitua kwenye mabua ya alizeti. Akaanza kucheka. Hakuna mtu Mogitu aliyewahi kumsikia Tekla akicheka kwa mdomo wazi, na mwalimu wake wa miaka yote alishangaa kujua kwamba kicheko kile kilikuwemo ndani wakati wote, kimekaa mstari wa mbele, kimefunga mikono.

Mnara wa kanisa ukaonekana. Watu walikuwa wamepangana getini, matarumbeta tayari. Mwalimu akawasha taa ya kukunja kona, kama sheria inavyotaka.

"Tumeshafika?" akauliza Tekla.

Aliuliza kwa adabu yake ile ile ya kuchota maji. Lakini sauti ilikuwa imeanguka, kama ya mtoto anayesikia kengele ya kumaliza mapumziko akiwa bado hajaugusa mpira. Mwalimu Getruda alikuwa ameipiga kengele hiyo maelfu ya mara bila kumsikia mtoto yeyote. Mguu wake, uliotakiwa kuhamia breki, haukuhama.

Wakapita. Mpiga tarumbeta alikuwa ameshavuta pumzi, akaitoa yote kwenye noti moja iliyopinda. Mwenyekiti wa kamati alibaki amenyoosha mkono wa kuelekeza maegesho. Mzee Sulle, na suti yake mpya, aliliona gari jekundu likiwa kubwa, kisha dogo, kisha nukta.

Kilichotokea kanisani Mwalimu alikuja kukisikia kwa Marieta. Wimbo wa kuingilia uliimbwa mpaka waimbaji wakaanza kuangalia miguu yao. Padri alitoka, akachungulia, akarudi. Wapo waliosema breki zimekatika, wapo waliosema Tekla ana mtu Singida. Mashangazi wa bwana harusi waliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama wanaouliza njia, wale ng'ombe wa mahari wamefungwa upande gani. Mzee Sulle alisema alionya mapema kuhusu moshi, lakini hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumpongeza. Kisha akafika mtu wa bodaboda, anahema, akapiga kelele getini, "Wamepigwa tochi! Wamesimamishwa na trafiki!" Na kanisa zima, kwa mdomo mmoja, likasema asante Mungu. Hakuna anayekumbuka mkutano wa waumini uliowahi kupokea faini kwa shukrani namna ile.

Askari alikuwa mwanamke kijana, nadhifu, na kile kifaa cha kupimia mwendo bado mkononi. Aliinama sana kufikia dirisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Unajua hapa ni hamsini?"

"Najua."

"Unajua ulikuwa na ngapi?"

"Sikuangalia. Kwa mwendo ule ni vizuri kuangalia mbele."

Askari akatazama ndani, akaona povu la gauni na nywele zilizosimama pande zote. "Bibi harusi, unatoroka au unatoroshwa?"

"Hapana, afande. Tunapunga upepo."

"Kanisani saa ngapi?"

"Ilishapita," akasema Tekla, akaanza tena kucheka.

Askari alijitahidi kushika uso wa kazi. Akamwuliza mwalimu kama ana lolote la kujitetea. Getruda akalitafuta. Alikuwa na miaka mingi ya kusikiliza watoto wakijitetea, sitarudia Mwalimu, nilisukumwa Mwalimu, na sababu hizo alizijua zote kwa moyo. Hakuna iliyofaa, kwa sababu angerudia, na hakuna aliyemsukuma.

"Andika," akasema. "Nimekimbia kweli."

Akaandikiwa, akaikunja karatasi, akaiweka mkobani. Askari akasimamisha lori lililokuwa linakuja ili gari jekundu ligeuke. Lilipogeuka, akapiga saluti. Alipiga kwa nani, hakusema.

Kanisani Tekla aliingia bila shela, maua yake yamebaki vijiti. Bwana harusi, aliyekuwa amesimama mbele muda wote ule bila kukaa, akamwinamia. Waliokuwa benchi la kwanza walisikia.

"Kulikuwa na nini?"

"Tulipita kidogo."

"Umeumia?"

"Hapana."

Akamtazama usoni kwa muda, fundi yule, kama anayekagua kazi ambayo hakutarajia kuikuta imekuwa nzuri hivyo. "Basi siku nyingine mnipitie na mimi," akasema. Wakaoana.

Lile suala lililokuwa liangaliwe baadaye liliangaliwa nje ya mlango wa kanisa, mbele ya watu wote. Maharusi wawili, kiti kimoja. Kamati ikaanza kuitana. Ndipo Mzee Sulle aliposonga mbele, akarekebisha tai, akatangaza kwamba kwa kuwa maharusi wasitenganishwe, wao wapande Noah, naye kama baba, kwa kujitolea, atakaa kwenye lile gari ili msafara usikose heshima. Akaingia. Aliagiza kioo kishushwe. Njia nzima hadi ukumbini alipunga mkono kwa mbuzi, kwa wauza mkaa, kwa kila nguzo ya umeme, na walipokaribia kufika akamgusa mwalimu kwenye mkono, akauliza kwa sauti ya chini kama hawezi kuzunguka tena mpaka kule kwenye kona, watu wa upande ule hawajaona vizuri.

"Nimeshaandikiwa leo, mzee," akasema Mwalimu. "Tutembee."

Ukumbini walimwekea kiti meza kuu, kati ya padri na katibu kata. Hotuba zilikuwa ndefu. Mtu wa itifaki alimshukuru mwalimu wetu mpendwa kwa kumleta bibi harusi salama, na watu wakapiga makofi huku wakitazamana. Familia nyingine mbili, zenye mabinti, zilikuwa zimeshamtumia ujumbe wa simu kabla ya pilau kugawiwa.

Alipopewa sahani yake alisema anakwenda kuangalia upepo wa matairi. Nje palikuwa na jua la alasiri na muziki uliopunguzwa na ukuta. Akawafukuza kuku waliokuwa wamekaa chini ya bampa, akaingia, akafunga mlango, akaweka sahani mapajani. Utepe wa harusi ulikuwa umelegea, unapigapiga kioo. Mwalimu Getruda akala pilau yake taratibu kwa mkono, akachagua kipande cha nyama alichokuwa amekihifadhi mwisho, akakitafuna. Halafu akajifuta vidole kwa leso, akawasha injini. Hakuingiza gea. Alikaa tu, akiisikiliza ikiunguruma.